Nafasi ya Baba Kwenye Fomu

Beauce, Quebec, 9 Januari 2012

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Miezi mitatu ya majaribio imekwisha, wameniajiri kiwandani kukata kuku. Msimamizi wetu, Réjean, hunitania: "We Boni, umevaa kama unakwenda mwezini!" Kibali changu ni cha mwajiri huyu mmoja tu; akiniacha, sina ruhusa ya kushika kazi kwingine. Mkataba una kurasa kumi na mbili. Kifaransa nakijua, mkataba sijauelewa. Nakutumia nakala, unisomee. Msalimie Baba.

Mwanao, Boni


N'Dali, Benin, 20 Februari 2012

Mwanangu Boni,

Salamu nyingi. Kaa kwanza. Kaka yangu Woru alifariki Alhamisi, mapema asubuhi, akiuliza kama umeshakula.

Ulikuwa na miaka mitatu alipokuchukua, kwa kuwa hakujaliwa mtoto. Kwetu Wabaatonu, baba ni aliyekulea. Mimi niliyekuzaa nilifunga mdomo, ndivyo heshima inavyotaka.

Mkataba nimeusoma mara mbili. Ukurasa wa saba: mzazi akifa, mfanyakazi hupewa siku tano. Kwenye fomu andika "baba". Ukiandika ni kaka wa mzazi wako, hawatakupa hata saa moja. Nawe hutakuwa umedanganya.

Baba mdogo, Bio


Beauce, 14 Machi 2012

Baba mdogo,

Shikamoo, na pole sana. Walinipa siku tano. Hazikutosha kufika N'Dali na kurudi, nikazimalizia chumbani. Nilitwanga viazi vikuu kwa kitako cha chupa, nikashindwa kula. Réjean akaja na sufuria ya supu. "Kula, mzee. Hata kama hutaki."

Mwanao, Boni


N'Dali, 2 Septemba 2012

Mwanangu Boni,

Hujambo? Mimi si mzima. Daktari wa Parakou ameangalia picha ya kifua changu, kisha akazungumza na Sanni mdogo wako badala ya kuzungumza nami. Hapo nikaelewa.

Simu sitaki, sauti itanisaliti. Sijawahi kukuomba kitu, sikuwa na haki hiyo. Ila ukurasa wa tisa unasema mzazi akiugua sana mfanyakazi huruhusiwa kwenda. Waulize.

Baba mdogo, Bio


Beauce, 16 Septemba 2012

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimemwuliza Bi Ginette wa ofisini. Akafungua faili. "Baba yako alikufa Februari, Boni. Sahihi yako hii hapa." Nikaeleza. Mmoja pembeni akasema, "Na wa tatu ataugua Krismasi?" Wakacheka. Ginette hakucheka, lakini alisema bila karatasi hawezi. Nikiondoka hivi hivi, kazi imekwenda, na kibali pia.

Niandikie barua ya kuwaonyesha wewe ni nani kwangu. Fanya haraka, nakuomba. Na unisubiri.

Mwanao, Boni


N'Dali, 3 Oktoba 2012

Boni,

Barua ya ofisi imo humu ndani, ina muhuri wa meya. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, sijapata kuandika sentensi ngumu kama ile: "Boni ni mwanangu wa kumzaa." Nilichana karatasi nne. Ndiyo maana nimechelewa, unisamehe.

Siku Woru alipokupakia kwenye baiskeli, uligeuka kunitazama. Nikajifanya nafunga mbuzi. Mbuzi alikuwa ameshafungwa.

Fomu ile ni mimi niliyekuambia uijaze.

Baba yako, Bio


Beauce, 15 Oktoba 2012

Baba,

Leo sikuulizi hali. Sanni alinipigia Jumamosi. Barua yako imefika leo, Jumatatu.

Hata hivyo nimeipeleka. Ginette akaisoma yote, akavua miwani. "Sasa nieleze, Boni. Una baba wangapi?"

"Tangu Jumamosi, sina."

Kisha akafungua droo, akatoa fomu ile ile, ya siku tano. Kwenye mstari wa uhusiano nimeandika "baba". Sikuwahi kukuita hivyo, wala hukuwahi kuniomba. Ginette ameipiga muhuri.

Mwanao, Boni