Mufalme Hatoki Ngomeni

Jumatatu, 3 Novemba

Kuran ya umeme imeenda katikati ya wimbo. Tena. Mudogo wangu Paluku akaendelea kupiga ngoma peke yake, eti shevalie, askari wa farasi wa zamani, hangoji kuran. Kichwa ngumu kama mawe ya volkano.

Nyimbo zetu zote ni za ngome, panga, majoka na mashevalie. Roki nzito, gitaa za kuunguruma. Na katika sisi watatu hakuna aliyewahi kugusa farasi! Bahati, anayeimba na kupiga gitaa, aliweka shevalie wake juu ya chukudu, ile baisikeli ya mbao ya kubebea mizigo. Anateremuka nayo mulimani, upanga mukononi. Vijana wa mutaa wetu wa Mapendo wanaupenda huo wimbo kuliko zote. Mama anasema tunaimba mashetani, halafu anamuwekea Bahati sahani ya sombe ya majani ya muhogo.

Umebaki wimbo moja. Joka inashuka, watu wote wanakimbia, mufalme muzee anakataa kuacha ngome yake. Tukiurekodi, tuko na albamu. Ya kwanza yetu. Naitaka kupita kitu chochote.

Jumanne, 4 Novemba

Bahati anaondoka. Baba yake anarudisha familia yote Bukavu, boti ya Jumamosi asubuhi. Vita inakaribia Goma, muzee hataki kusikia neno.

Bila Bahati tunabaki na ngoma yake Paluku na gitaa yangu ya bas. Ugali bila mboga. Nilimukasirikia kama vile yeye ndiye alianzisha vita. Akacheka tu, na hapo nikakasirika zaidi.

Nampenda huyu kijana. Kama ndugu. Siku zingine kupita ndugu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 5 Novemba

Barabara ya Kibati imejaa watu wanaokimbia vita tangu asubuhi. Magodoro, mbuzi, sufuria, watoto mugongoni. Padri amewapa ukumbi wa parokia, ule tuliokuwa tunarekodia. Ni haki yao. Sisi ametuachia depo ya nyuma, kati ya viti vilivyovunjika. Ordinatere, kompyuta yetu ya kurekodia, iko na betri. Kesho tunarekodi, liwe liwalo.

Alhamisi, 6 Novemba

Haya. Haya kubwa.

Hapa kwetu kila mutu anajua kilio. Ukiona bashi ya turubai imefungwa uwanjani, moto unawaka muchana, watu wameketi chini kimya, unazima redio na unapita polepole. Hata mulevi anajua. Lakini kwa parokia sasa kila mutu anaishi chini ya bashi. Kila familia iko na moto wake. Wote wanaketi chini, na wote wamechoka. Tulipita katikati yao na makoti yetu ya ngozi, tukasalimia, tukafunga mulango wa depo. Paluku akapiga ngoma kwa nguvu zote Mungu alizomupa.

Mulango ukafunguliwa. Mama mumoja. Hakupaza hata sauti.

«Watoto wangu, maiti iko nyuma ya huu ukuta.»

Ni mume wake, alikufa alfajiri. Yeye anaitwa Mama Furaha. Tulipiga magoti wote watatu. Paluku amelia mpaka nyumbani, na hataki kula.

Mazishi ni kesho, na baada ya mazishi watu watakaa kilio siku zingine. Muziki hapana. Boti ni Jumamosi. Albamu imekufa. Ninajichukia kwa kuwaza albamu.

Ijumaa, 7 Novemba

Hatukuulizana, tukarudi tu kwa kilio. Paluku alibeba makala ya kupikia, mimi bidon ya maji, Bahati akapasua kuni. Makoti yenye misumari, cheni shingoni. Hatukuwa na nguo zingine nyeusi za heshima! Kibibi kimoja kikatuangalia juu mpaka chini: «Na nyinyi ni jeshi ya nani tena?» Nikajibu: ya mufalme. Akacheka mpaka akafuta machozi, na wengine wakacheka naye.

Tulizika. Tuliporudi, Mama Furaha akamwita Bahati. «Jana mulikuwa munapiga nini?» Bahati hajui kudanganya. Akamueleza joka, ngome, mufalme muzee anayekataa kutoka. Nilitaka kumufinya.

Mama Furaha akasogeza kuni motoni. Halafu akasema muzee wake pia alikataa. Alishika nguzo ya mulango. Watoto wake walimubeba mugongoni, naye akawatukana njia yote mpaka Goma.

«Sasa huyo mufalme wenu, nani alimubeba?»

Hakuna. Tulimuacha ndani peke yake, na tuliona ni vizuri hivyo. Nilisikia aibu. Bahati akasema bado hatujamaliza kuandika.

«Basi maliza. Uimbe polepole, na hiyo ngoma ikae.»

Nikaomba ruhusa ya kurekodi. Akakubali kwa kichwa. Tukaketi juu ya mukeka, gitaa kavu tu, bila kuran, bas yangu ikibaki depo. Bahati akabadilisha maneno hapo hapo: watoto wa mufalme wanarudi katika moshi, wanamubandua kwenye nguzo, anawatukana, wanamubeba. Wamama waliokaa kilio wakaanza kumujibu kwa lugha yao, sauti ya chini. Paluku aliweka mikono katikati ya magoti na hakugusa kitu. Mimi nililia tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Boti imeenda. Nilimukumbatia Bahati mbele ya baba yake, na muzee akageuza macho, akatazama ziwa. Mama alimutumia sombe ndani ya kopo. Nimekaa bandarini mpaka sikuona kitu tena.

Jumapili, 9 Novemba

Misa, halafu nyumbani. Tumesikiliza wimbo wa mwisho, mimi na Paluku. Mutoto analia ndani yake. Kuna mutu anakohoa, kifuniko cha sufuria kinaanguka. Tumeacha yote.

Albamu iko.

Tukaandika nani alifanya nini. Bahati: sauti na gitaa. Mama Furaha na wamama: sauti. Paluku akauliza, kwenye huu wimbo, yeye tutaandika alipiga nini. Nikamuambia ukweli: hakuna mahali kwenye hii albamu umetulia vizuri hivi.

Akafikiri, akachukua kalamu, akaandika mwenyewe: Paluku, kimya. Halafu Mama akatuita tule.