Walikuwa Ndege: Kwa Baba Yetu, Callistus Ikapel wa Adungosi

Mwaka umetimia, Baba, tangu wakukate kwa mapanga pale kwenye jiwe lako juu ya kilima, asubuhi ya Alhamisi, Machi 28, 1996. Wengine huandika kwamba mpendwa wao alilala usingizi wa amani. Wewe hukulala. Uliuawa, na neno hilo hatutalipamba.

Mvua imerudi. Yale maua mekundu ya mviringo, yanayochomoza ardhini kabla ya jani kutoka, yamejaa chini ya miti nyuma ya nyumba na kuzunguka jiwe lako. Uliyaita ngumi, kwa vile yanavyopasua udongo. Kila mwaka ulituburuta kwenda kuyaona tukiwa bado na tongotongo machoni, na ole wake aliyekanyaga hata moja. Mtu mpole namna ile, lakini kwa ajili ya ua ulikuwa tayari kumzaba mtu kofi.

Kazi ya mikono yako ilikuwa mizinga ya nyuki, na asali yako ilijulikana hadi Malaba na Burumba. Kazi ya moyo wako ilikuwa kile kitabu cha jalada la bluu. Ulikaa jiweni na darubini uliyouziwa na dereva wa lori, kioo chake kimoja kimepasuka, ukaandika kila ulichokiona. Hukuficha ubaya wa pori: mwewe alivyomrarua kwale mbele ya makinda yake, siafu walivyovamia kiota wakaacha mifupa, radi ilivyoupasua mvule katikati. "Pori lina ukatili," ulisema, "lakini halina fitina." Kisha ukanywa uji wako.

Korongo na mbayuwayu wanaovuka mpaka wakati wa mvua hukuwaita ndege. Uliwaita wageni. "Wageni kumi na wanne wamevuka leo." Ndivyo ulivyoandika, siku na saa. Sisi wa nyumbani tulilizoea neno hilo hata tukasahau kwamba watu wengine hawalijui. Na chini ya kilima, nyote mnaosoma mnajua, inapita njia ya panya ya watu wa magendo, na sukari na kahawa zao juu ya baiskeli.

Hapa Mama ametuagiza tusifiche kitu. Siku mbili kabla ya kifo chako, sokoni Adungosi, Jacinter muuza nyanya alimtania: "Mama Amuron, mzee amekutoroka? Kila siku ako kwa mlima!" Mama kwa utani hashindwi, unamjua. Akajibu soko zima lisikie: "Huyo wangu hapitwi na mgeni! Wote wenye wanavuka hapa ameandika kwa kitabu, siku na saa!" Wanawake wakacheka. Boaz, jirani yetu uliyempa asali mtoto wake alipougua kifua, alikuwa hapo kando akifunga gunia kwenye baiskeli. Yeye hakucheka.

Alhamisi Mama alikuwa anakupandishia uji. Alisikia sauti kabla ya kuona watu. Wanaume wawili walikuwa wamekushika, na Boaz amefungua kitabu chako anasoma.

"Machi ishirini na mbili. Wageni ishirini na saba wamevuka, saa kumi na mbili na nusu. Si hiyo ndio siku yetu? Mzee, unatuuza kwa polisi?"

"Hao ni ndege, Boaz. Ni ndege tu."

"Ndege gani anaandikiwa saa?"

Panga la kwanza lilikata mkono uliouinua kukinga uso, ule wa kuandikia. Mama alipiga mayowe, akawamwagia uji wa moto, akamrukia Boaz mgongoni na kumng'ata sikio hadi kipande kikabaki mdomoni mwake. Walimsukuma akabingirika kwenye mawe. Alipopanda tena kwa magoti, walikuwa wamemaliza kukukata na wanateremka mbio. Maua yako yote pale yalikuwa yamekanyagwa.

Wawili wako rumande. Boaz alivuka mpaka na hajulikani aliko. Sikio litamtambulisha.

Lakini wapo waliokuua mara ya pili kwa mdomo. Hawakuja hata matangani, wakasema hawawezi kumlilia kachero. Jumapili iliyopita ndipo Mama alipotuita, akasema, "Ni mimi niliua baba yenu." Tukamwambia, "Mama, ni Boaz." Akatikisa kichwa. "Boaz alikuwa na panga. Neno nilimpa mimi. Andikeni hivyo kwa gazeti, na muandike pia hakuwa kachero."

Tumeandika, Mama. Na sisi watoto wako hatukulaumu, hilo nalo tumeandika.

Kitabu chako kilirudi kutoka polisi, Baba, kurasa za mwisho zimegandana kwa damu. Mama, aliyeishia darasa la tatu, amekipitia chote kwa penseli. Kila ulipoandika "wageni", ameandika kando kwa herufi kubwa zilizopinda: NDEGE. Ni miaka kumi na moja ya wageni, na hakuruka hata mstari mmoja. Jumatatu alipanda jiweni na darubini yako. Aliporudi akaandika mstari wake wa kwanza: "Machi 24. Korongo tisa wamevuka. NDEGE."

Unakumbukwa na mkeo Asio, wanao Amuron, Methuselah na Adongo, wakwe na wajukuu, na wote wa Adungosi waliokula asali yako na bado wana haya usoni.

Kila mvua ya kwanza itakaponyesha tutakukumbuka, Baba, na tutasema kwa sauti, sokoni na kanisani, mpaka wa mwisho asikie: walikuwa ndege.