Isale na Begi la Bluu

Soweto, Moshi
Jumapili, 11 Februari 2024

Mama mdogo Kornelia,

Nimemkosea mwanao Hosea, na wewe nimekukosea. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia hapo hapo, najijua.

Shikamoo. Habari za Machame? Migomba inastahimili hili jua? Ng'ombe ameshazaa? Huku kwetu tupo tu. Ningepiga simu ila naogopa kumsikia Hosea akikohoa nyuma yako.

Mama mdogo, ile safari ya kupandisha wageni Kilimanjaro, Agosti mwaka juzi, mimi nikiwa kiongozi, mizigo ilipimwa getini kama sheria inavyotaka. Mbeba mizigo, mgumu kama tunavyomwita, habebi zaidi ya kilo ishirini. Mzigo wa Hosea ulikuwa sawa, askari wa hifadhi akaupitisha. Tulipofika kona ambayo ukigeuka huoni tena geti, nikamwongezea mtungi wa gesi wa jikoni. Viongozi wengi tunafanya hivyo. Yeye akacheka, akasema, "Kaka Eli, huu mzigo unanenepa ukishapita geti." Tulipofika ukuta wa miamba wa Barranco, mzigo ukamvuta nyuma. Akaangukia mgongo.

Bosi aliponiuliza nikasema mzigo ulikuwa halali, Hosea alikuwa anakimbia kuwahi kambi. Bosi hakupeleka taarifa ya ajali popote. Wewe ukasema utakwenda kushtaki. Ndipo bosi akaniita: "Nyie Wachaga si mna jani lenu la msamaha? Mpelekee mama yenu, hawezi kukataa." Nikakata isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la marehemu baba, nikaja kwako na wazee wawili na pombe ya mbege. Ukapokea. Ukaacha kushtaki.

Isale ile ilitumwa na bosi, mimi niliibeba tu. Naomba unisamehe.

Mwanao,
Eliezeri


Machame
25 Februari 2024

Mwanangu Eliezeri,

Marahaba. Ng'ombe amezaa dume, hata yeye ametuangusha. Hosea hajambo kwa hali ya mtu wa kitandani. Vidonda vya mgongo vinafunga hapa vinafunguka pale. Mkewe Violet anamgeuza, mimi nashika miguu. Kindness ameanza darasa la kwanza, hesabu zake anafanyia kitandani kwa baba yake.

Unaomba nikusamehe. Nilishakusamehe, ndiyo shida yenyewe. Isale ikishafika mlangoni, anayeikataa anajiletea laana yeye na watoto wake. Unalijua hilo tangu ukila ndizi kwenye sufuria yangu. Ndiyo maana ulikuja na isale. Niliipanda kwenye uzio, ikashika.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mchungaji alimleta kanisani dada mmoja mwanasheria, anaitwa Theodora, anasaidia watu bila malipo. Ibada ilipoisha nikamshika mkono. Nikamwambia mwanangu hakuwa na mkataba wa kuandikwa, na mimi isale nimeshapokea. Akaniambia, "Mama, wewe umesamehe cha kwako. Haki ya Hosea ni ya Hosea." Akasema mtu aliyepanda mlima kwa amri ya bosi na kwa ujira wa bosi, sheria inamwona ni mfanyakazi hata kama hakuna karatasi, na akiumia kazini anatakiwa atibiwe na alipwe fidia. Muda wa kudai umepita, lakini tunaweza kuomba tuongezewe tukiwa na sababu ya kweli.

Sababu yetu ni isale yako, Eliezeri, ndiyo iliyonizuia kudai mpaka muda ukapita. Nikiisema mimi wataona ni maneno ya mama mwenye uchungu. Ukiisema wewe, kwa kiapo, ni ushahidi.

Halafu kuna jambo. Hosea nilimsomea barua yako. Akasema, "Mtungi gani, mama? Mtungi ulikuwa kwa Praygod wa jikoni. Mwulize Kaka Eli lile begi la bluu lilikuwa la nani."

Nami nakuuliza.

Mama yako mdogo,
Kornelia


Soweto, Moshi
10 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini mvua imeanza kugusa huko juu. Pole na mgonjwa, na pole kwa Violet.

Mama mdogo, nielewe. Nikisimama mbele ya watu nikaapa, leseni yangu imekwisha, na mlimani hakuna atakayenipa tena kazi. Nina wawili chuoni. Ninachoomba, haya mambo tuyamalize wenyewe kama ndugu. Nimemtumia Hosea godoro zuri, lile la wagonjwa. Nikishusha wageni wa Juni nitatafuta na kiti cha magurudumu. Huyo dada wa sheria mwambie asubiri kwanza.

La begi tutaongea tukionana.

Mwanao,
Eliezeri


Machame
9 Aprili 2024

Eliezeri,

Hatujambo. Mvua imenyesha mpaka njia ya kwetu imekatika.

Godoro limefika na ameshalilalia. Nilitaka kulirudisha, Violet akanikataza, akasema mgongo wa Hosea hauna uwezo wa kuringa. Basi asante.

Lakini mwanangu, godoro ukilipenda unaleta, usipolipenda huleti. Juni ikifika na wageni wakiwa wachache, kiti hakuna, na sisi tutakuambia nini? Fidia haingojei upate wageni. Mtu anaidai amenyoosha shingo. Ndicho Hosea anachotaka, adai, asiwe wa kuletewaletewa.

Theodora anasubiri. Hosea anasubiri pia. Kila pikipiki ikipanda anauliza, "Ni Eli?"

Mama yako mdogo,
Kornelia


Machame
29 Septemba 2024

Eliezeri,

Barua yangu ya Aprili hukuijibu. Niliandika tena Juni, nayo hukuijibu.

Nilikuona mazikoni. Ulishika jembe ukafukia kama ndugu, jasho likakutoka, halafu ukaondoka kabla ya chakula. Watu wakaniuliza, "Eli kapata dharura?" Nikasema ndiyo. Uongo wako sasa na mimi unanitoka mdomoni.

Vidonda ndivyo vilivyommaliza, viliingia kwenye damu. Mwishoni hakuniuliza tena habari ya pikipiki.

Ile isale uliyoleta nimeing'oa pale kwenye uzio, nimeipanda kichwani pa kaburi lake. Imenyauka kidogo, lakini itashika.

Usidhani mambo yamezikwa naye. Theodora anasema Violet na Kindness walikuwa wanamtegemea Hosea, kwa hiyo sheria inawatambua, wanaweza kudai. Maombi ya kuongezewa muda yatasikilizwa mjini Moshi, Jumanne tarehe 22 Oktoba, saa tatu asubuhi. Bosi wako amepeleka mtu wa kusema kwamba tulisamehe wenyewe kimila, kwa hiyo hatuna sababu. Bila wewe, mtoto anatoka mikono mitupu.

Sikuombi kwa isale. Mimi kitu cha namna hiyo sikitumii kukamata mtu. Nakuuliza tu swali la mwanangu, maana amekufa bila kujibiwa. Begi lilikuwa la nani?

Kornelia


Soweto, Moshi
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mama mdogo Kornelia,

Shikamoo. Poleni kwa msiba, wewe na Violet. Mwambie Kindness nampa pole. Najua hukuandika "mama yako" safari hii. Nimeliona hilo.

Begi lilikuwa langu.

Mtungi nilidanganya. Hata kwenye kutubu nilidanganya, nikaona gesi itafanya kosa liwe nusu la kampuni. Hakuna aliyenituma. Ndani mlikuwa na nguo zangu, viatu vyangu vya akiba, na soda na bia za kuwauzia wageni kambini. Nilikuwa sijaanza kuziuza, nazisubirisha kambi ya Barafu, kule juu wanalipa zaidi. Nilimpa Hosea kwa sababu ni mdogo wangu, nilijua hatakataa. Kama wewe na isale.

Alipoanguka, nilishuka kwenye miamba hadi alipo. Begi ndilo nililoanza kulifungua kutoka mgongoni mwake, Mama mdogo, nikaliweka pembeni wenzetu wasilione, halafu ndiyo nikamshika. Alikuwa ananiangalia. Alijua miaka yote, na hakumwambia mtu mpaka nilipodanganya mara ya pili.

Juzi nimekwenda kwa Theodora. Nimemweleza kila kitu, la bosi na la isale pia. Amenionya kwamba naweza kushtakiwa mimi mwenyewe. Nimesema sawa. Mke wangu bado hanisemeshi.

Usinijibu kama huna nguvu. Jumanne tarehe 22 Oktoba, kabla ya saa tatu, nitakuwa nimeshafika mlangoni pale mtakapoingilia. Nitaapa. Na nitakuwa nimelibeba lile begi la bluu mgongoni, nimelijaza vile vile lilivyokuwa, chupa na viatu, ili walipime mbele ya Violet.

Eliezeri