Kombe la Saba Mara Saba

Halimati shoga, uko wapi?? Bibi Echata kaniaibisha mbele ya wakwe wa Nosy Be! 🙈

Kawahadithia mambo ya Mahajanga, uhuru ungali mpya. Mwalimu Chaher kaleta ubao mweusi na chaki madrasani, afundishe na hesabu. Wazee wakawaka, wakaapa watauvunja!

Bibi, kusoma hajui, kaingia na bakuli kutafuta kombe, yale maji yaliyooshewa aya ya kumponya mgonjwa. Kauosha ubao wote akidhani ni aya, akamnywesha Babu aliyekuwa na homa.

Kombe la chaki, Halimati. CHAKI!!

Na pale paliandikwa saba mara saba 😭

Babu akapona.

Kesho yake wazee walewale wako foleni madrasani, kila mtu na kikombe chake.

Mwalimu akashika chaki, akaandika saba mara nane.