Trekta katika muhogo wa Odette

Jumatatu, 6 Oktoba
Tumepima mashamba tangu asubuhi. Kamba na vijiti. Koperative imeamua: mashamba yetu yote yanakuwa moja. Trekta moja, mbegu moja, mahindi tu, mnunuzi mmoja, yaani kantini ya mgodi kule Kolwezi. Mimi ndiye sekretere. Nilikubali mbele ya wote. Mgongo wangu umechoka na jembe miaka hii yote.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wifi yangu Odette amekataa. Shamba lake liko katikati, lina muhogo ambao haujakomaa. Alisimama mkutanoni: "Mahindi ni ya kuuzisha. Muhogo ni ya kulisha batoto. Mi sing'oe." Rais wa koperative, Tata Kazadi, akaamua trekta itamzunguka mpaka avune.
Nikaandika uamuzi huo daftarini. Mume wangu alipokufa, ndugu zake walitaka kunifukuza shambani. Odette, dada yao, ndiye aliyewazuia.

Jumanne, 14 Oktoba
Trekta imekuja. Tumeikodi siku mbili tu. Dereva analalamika: akizunguka muhogo, upande wa mtoni hautalimwa. Tata Kazadi yuko Dilolo, simu haishiki. Wanachama wakanitazama.
Nikasema, "Pita."
Naandika ili nisijidanganye baadaye. Nilisema mimi.

Jumatano, 15 Oktoba
Odette alikuja na beseni. Akaokota mizizi, myembamba kama vidole. Nikainama kumsaidia.
"Acha, mama sekretere."
Hajawahi kuniita hivyo. Sikula.

Jumapili, 19 Oktoba
Mkutano baada ya misa. Nimesema mbele ya wote kwamba amri ilikuwa yangu. Wawili wakanisifu, eti niliokoa kazi. Hilo limeniuma zaidi. Nimeomba kila mwanachama abakiziwe kipande cha shamba kwa chakula chake. Wamekubali, kwa shida. Usekretere nimeuacha.
Odette amejitoa. Hakungoja mkutano uishe.

Jumamosi, 18 Aprili
Mahindi ni mengi kuliko mwaka wowote. Lori la kantini limeondoka limejaa. Kuunganisha mashamba lilikuwa jambo zuri, bado nasema hivyo. Nilichomfanyia Odette kilikuwa kibaya. Yote mawili ni kweli.
Nimembebea mfuko wa unga kichwani mpaka kwake. Nilidhani atanifungia mlango. Aliutua mwenyewe, akaumimina kwenye ndoo, akaukung'uta mfuko, akaukunja.
"Umekuja kwa miguu?"
"Ndiyo."
Akanitolea kiti. Tukakaa.