Amri Niliyoisoma Peke Yangu

Texas, 4 Machi 1866

Kwa kaka yangu mpendwa Elbert,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta huko Georgia ukiwa mzima, na lile goti lako halikusumbui sana wakati wa baridi. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mvua imeharibu njia, lakini unga wa mahindi upo na nyama ya nguruwe haikosekani. Utashangaa kuona mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Nitakueleza.

Tangazo lako la gazetini limefika. Kila Jumapili kabla ya mahubiri, Mchungaji Mosby husoma majina ya ndugu wanaotafutana, na kila mtu huomba lisomwe la kwake. Jumapili iliyopita likasomwa langu: kwamba Elbert, aliyeuzwa kutoka shamba la Tuttle mwaka sitini na moja, anamtafuta mkewe Dicey, dada yake Keziah, na mtoto aliyemwacha tumboni, na kwamba njia zikikauka atakuja kwa miguu. Wanawake wakanikumbatia. Mzee Prince, uliyemwacha na meno mawili na sasa hana hata moja, akanitania kwamba nimewapikia wengine karamu miaka yote na sasa imefika zamu yangu kula. Nikacheka nao.

Mtoto alizaliwa salama. Ni msichana, anaitwa Orlena. Dicey alirudishwa shambani kabla ya mwezi kwisha, hivyo mtoto akalelewa na mimi jikoni, akalala nami, na alipoanza kusema, neno mama akanipa mimi. Dicey alikuwa akija Jumapili kumwona, na mtoto alikuwa akijificha nyuma ya sketi yangu.

Kaka, Dicey hayupo tena. Alifariki mwezi wa nane mwaka jana. Alikuwa na homa siku ya tatu, lakini msimamizi, Harlan Crewe, alikataa kumpumzisha kwa kuwa pamba ilikuwa imeshapasuka. Alipoanguka, Crewe akasema anajifanya, akampiga kwa mpini wa mjeledi mpaka akachoka yeye mwenyewe. Tulingoja Jumapili kumzika, kwa sababu siku za kazi hatukuruhusiwa.

Mwezi wa kumi akaja ofisa wa serikali na askari wawili, wakamlazimisha Bwana Tuttle asimame barazani atusomee amri. Akaisoma kama mtu anayetafuna mchanga: watumwa wote wa Texas ni huru. Mzee Prince akauliza tangu lini. Ofisa akajibu kwamba huku ilitangazwa mwezi wa sita, kule Galveston, ila kwa neno la Rais ni tangu siku ya kwanza ya mwaka sitini na tatu. Mzee akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Basi Dicey kafa mtu huru, na hakuna aliyemwambia." Watu wakalia. Mimi nililia kuliko wote, na wote wakanihurumia.

Sasa nikueleze habari ya mwandiko. Adelia, binti wa Bwana, alinifundisha kusoma na kuandika tukicheza, yeye mwalimu na mimi mwanafunzi. Alipochoka na mchezo, mimi niliendelea kwa siri. Magazeti ya zamani ndiyo tuliyotandika kwenye rafu za vyombo. Tangazo la Rais nililisoma mwaka ule ule lilipotoka, nikapanga sahani juu yake. Aliyejua kwamba naweza kusoma gazeti ni Dicey peke yake.

Mwezi wa saba mwaka jana alinijia mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia kwa waendesha mikokoteni kwamba kuna amri imesomwa pwani. Akaniambia, "Wifi, wewe ndiye macho yangu. Nitazamie gazeti la Bwana. Kama ni kweli, namchukua mwanangu leo hii tukamtafute Elbert." Gazeti nilikuwa nimeshalisoma asubuhi, na amri ilikuwamo yote. Nikamwambia hamna kitu, ni bei ya pamba na farasi aliyepotea. Akanishukuru, akarudi shambani.

Bwana hakunilazimisha, wala hakuna aliyenitishia. Dicey angesema anaondoka peke yake, ningemfungia mkate wa njiani. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi; waliosema hivyo hawakulea wa mwenzao. Sikujua kama atakufa. Nilijua tu kwamba ataondoka naye. Najionea haya, Elbert, lakini angeniuliza tena leo, ningemjibu vile vile.

Usije. Barua hii itakapokufikia tutakuwa tumeshahama, na tuendako sijamwambia mtu. Ukitoa matangazo mengine ni hiari yako. Makanisa yanayosoma majina nitayapita mbali, na Orlena hajui kusoma, wala sitamfundisha.

Ni desturi kufunga barua kwa salamu za walio nyumbani. Mzee Prince anakusalimu sana, na Mchungaji pia. Orlena hakusalimu, kwa sababu nimemwambia baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Keziah