Mwanangu Anawafukuza Waliozaliwa Ng'ambo, na Mimi Nilizaliwa Huko

Dada Selpha mpendwa, pole kwa kazi ya kusoma shida za watu, leo nimekuletea yangu, naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko kwa maana shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini kuongea najua, kwa hivyo nitaandika vile naongea na wewe utapanga mwenyewe. Majina tafadhali badilisha yote.

Mimi ni mama hapa Malaba, mpakani na Uganda, nauza mihogo mikavu na wimbi sokoni, bwanangu Omoding ni mtu wa shamba na maneno yake ni machache, na kijana wetu wa kwanza anaitwa Hesbon, amemaliza chuo, kazi ya maana bado hajapata, lakini redio amepata. Kila asubuhi kuna kipindi cha siasa ambacho watu wanapiga simu wakibishana, mtangazaji wake wanamwita Brayo, na Hesbon alianza kama mtu wa kupiga simu tu, sasa wanamwita mpaka studio kule Busia, anakaa hapo na vile vitu vya masikio, na sauti yake naitambua hata nikiwa chooni. Siku ya kwanza Brayo alisema leo tuko na kijana mhafidhina kutoka Malaba, na mimi nikaacha kupima wimbi nikashika kifua. Dada, hilo neno sikuwahi kulisikia. Nilidhani mtoto amesilimu. Ijumaa nikamwangalia kama ataelekea msikitini, hakuelekea, nikasema labda anajificha, nikanunua nyama ya nguruwe kwa Emorut, nikaipika vizuri na vitunguu nikamwekea mbele, akaimaliza na akauliza kama kuna nyingine. Ndio nikaenda kwa katekista, na katekista akacheka mpaka akavua miwani, akaniambia mama, hiyo si dini, mhafidhina ni mtu anayetaka mambo yakae vile wazee waliyaweka, hapendi kubadilisha badilisha. Nikamshukuru Mungu nikarudi nyumbani, kumbe hata hapo sikuwa nimefika kwa shida yenyewe.

Kwa maana, Dada, mengi anayosema nayakubali. Anasema mtu asiuze kura yake kwa kipande cha sabuni, anasema vijana wafanye kazi wasikae wakingoja serikali iwalishe, ndoa iheshimiwe, mtoto asalimie mkubwa, na sheria ikiwekwa ifuatwe hata na mwenye gari kubwa. Hayo mimi ndiye nilimfundisha, na mwiko ukiwa mkononi. Kisha kuna wazungu fulani anawasikiliza kwenye simu, wanaongea haraka kama watu wa mnada, wanaongea juu ya uchaguzi wa kwao na mipaka ya kwao, nikamuuliza hao watu wanaijua Malaba, akaniambia mpaka ni mpaka popote. Vile amesoma, nikaona labda ndivyo ilivyo.

Sasa mwakilishi wetu wa wadi alifariki na kuna uchaguzi mdogo, na Hesbon amekuwa ajenti wa mmoja wa wagombea, wa kumlindia kura kituoni. Asubuhi moja akasema redioni kwamba kura zetu zinaharibiwa na watu wa ng'ambo, upande wa Uganda, wanaovuka siku ya kura na vitambulisho viwili mfukoni, na hapo sitakudanganya, watu wa hivyo wako, kuna mwaka niliwaona kwa macho yangu wakishushwa kwa lori wakiuliza kituo kiko wapi. Kwa hivyo hajasema uongo. Lakini Brayo akamuuliza utawajuaje, na sisi huku na kule ni Wateso wale wale na majina yale yale, na Hesbon akasema hiyo ni rahisi, muulize tu mtu jana alikula nini, akisema alikula posho, mrudishe kwao. Studio yote ikacheka, kwa maana ugali wetu huu, wa ng'ambo wanauita posho. Siku hiyo hiyo akarudi nyumbani, akafunua sufuria, akaniuliza, "Toto, posho imeisha?" Toto ndiyo mama kwa lugha yetu. Nikampakulia. Hilo neno aliokota kwangu akiwa hana meno, kwa sababu ndivyo mimi huita, na mimi huita hivyo kwa sababu nilizaliwa ng'ambo.

Si kitu nimeficha. Baba yangu alikuwa mtu wa Amukura, upande huu kabisa, alivuka akaenda kulima huko kwa sababu shamba la kwao lilikuwa dogo, akaoa huko, tukazaliwa huko, hizo darasa tatu nilisomea huko, na nilipokuwa msichana akaturudisha, akanipeleka mwenyewe kuchukua kitambulisho kwa kutumia chake. Nimepiga kura tangu hapo na hakuna mtu amewahi kuniuliza kitu. Baba alipofariki mama yangu alirudi kwa ndugu zake, akafia huko, na Hesbon alikuwa kati ya vijana waliobeba jeneza lake. Na Krismasi zote za utoto wake ziko huko. Lakini hajawahi siku moja kusema anaenda Uganda, husema anaenda kwa tata, yaani kwa nyanya yake, na nafikiri kichwani mwake Uganda ni kitu kimoja na kwa tata ni kitu kingine.

Juzi sasa akaniomba nimsaidie. Akasema, "Toto, wewe unawajua hao wamama wote. Siku ya kura ukae tu nami karibu na lango la shule tunakopigia, akipita wa ng'ambo uniguse mkono." Nikamwambia nitafikiria. Mtu anayeniletea mihogo ni Akwii, anavuka nayo kwa baiskeli, na huyo Akwii ndiye alinipikia uji nilipomzaa Hesbon. Kura ya Akwii iko kwao, huku hapigi, lakini dada zake wameolewa huku na watoto wao wamesoma na Hesbon, sasa hao nikiwaona wakipita nitamgusa mkono au sitamgusa, hiyo hesabu mimi siiwezi. Sokoni nako Emorut ameshaanza, ananiambia mbele ya wateja, "Mama Hesbon, siku ya kura uje ukiwa unatafuna, ukiulizwa umekula nini usijibu." Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, lakini nikifika nyumbani chakula hakishuki.

Halafu Jumanne mama mmoja akapiga simu kwa kile kipindi, akasema huyo kijana kabla ya kufukuza watu aanze na mama yake. Brayo akamuuliza Hesbon kama ni kweli. Dada, pale sokoni kila mtu alikuwa akiangalia mihogo yangu. Hesbon alikaa kimya, kimya kama simu imekatika, kisha akasema, "Mama yangu amezaliwa Amukura. Mwenye kusema vingine alete ushahidi." Akarukia mambo ya mbolea.

Alirudi nyumbani hakusema kitu, na mimi sikusema. Tunasalimiana, anakula, anashukuru, anaenda. Omoding nimemwambia, amesema uchaguzi ukiisha yataisha. Sasa mimi sijui. Hajui nilizaliwa wapi, ama anajua? Alinitetea, ama alinikana? Nikienda kupiga kura na mtu aniulize mbele ya watu wake nitamwaibisha, nisipoenda nitakuwa nimekubali mimi ni mwizi wa kura, na hata hiyo sijui, kama mimi ni mwizi au si mwizi. Nimuombe aachane na siasa? Nilale nyumbani siku hiyo nisingizie malaria? Nampenda mtoto wangu na sitaki achekwe, lakini pia hata mimi sitaki kufukuzwa na mtu niliyemnyonyesha. Niambie la kufanya, kura iko karibu.

Mama wa mihogo, Malaba.

*

Mama mpendwa,

Majina nimebadilisha kama ulivyoomba, ingawa kwa jinsi soko lako linavyosikiliza redio, sijui kama itakusaidia.

Tuanze na lile linalokunyima chakula. Wewe si mwizi. Katiba yetu inasema mtoto wa Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, awe baba ndiye Mkenya au mama, na awe amezaliwa huku au kwingine. Baba yako alikuwa Mkenya. Basi ulikuwa Mkenya siku ile ile ulipolia mara ya kwanza, hata kama kilio kilisikika ng'ambo. Hukupewa uraia kwa huruma ya mtu. Kama bado moyo unasita, chukua kitambulisho chako uende ofisi ya usajili wa watu, uulize, wakujibu kwa mdomo wao. Lakini nenda mchana, ukiwa umesimama wima, si kama mtu anayepeleka kosa.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu unastahili. Kwa neno moja gumu la redio ulifuata mtoto Ijumaa, ukanunua nyama, ukamtoa katekista machozi. Kwa jambo hili, ambalo ni lako na lake, umekaa kimya unampakulia ugali. Na alipokuomba uwaonyeshe wenzako kwa kumgusa mkono, ulimwambia utafikiria. "Nitafikiria" ndilo neno tunalowaambia watu wanaotuuzia sahani mlangoni. Huyu ni mwanao, na jibu ulikuwa nalo. Dada zake Akwii si kazi yako kuwahesabu, na si kazi yake pia.

Unaniuliza kama anajua. Mama, kijana aliyebeba jeneza anajua alilibeba nchi gani. Na kile kimya ulichosikia redioni, usikisahau. Asiyejua angejibu papo hapo, au angecheka. Yeye alinyamaza kwanza. Kwa maoni yangu hakukukana. Aliogopa, kwa sababu anaamini kile kile unachoamini wewe, kwamba mama yake ana kosa, na akaona heri aseme uongo kuliko uguswe. Alikosea, kwa sababu hakuna kosa la kuficha. Sasa mko wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo hata muuza nguruwe analifanyia mzaha.

Usimwombe aache siasa. Mhafidhina si ugonjwa, na kijana anayekataa kuuza kura kwa sabuni ni wa kushukuriwa. Hata hilo la watu wenye vitambulisho viwili, ana haki ya kuuliza. Lakini mtu anayependa sheria aanze kwa kuifuata. Mpiga kura hutambuliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, mbele ya maafisa. Ajenti mwenye shaka humwambia msimamizi wa kituo, ndani, kwa utaratibu. Hakuna sheria inayomruhusu kijana kusimama langoni akiuliza wamama wamekula nini. Na kama anataka mambo yakae vile wazee waliyaweka, basi ajue babu yake mwenyewe alivuka, akalima, akaoa, akarudi na watoto wake, na hao wazee hawakuona ubaya wowote.

Fanya hivi. Mkalishe Hesbon wiki hii, na Omoding awepo, na safari hii Omoding asiseme tu kwamba yataisha. Mwambie safari yote ya baba yako, kwenda na kurudi. Mwambie ulichosoma hapa kuhusu katiba, na kama hataamini, mwende naye kwa afisa. Mwambie wazi kwamba hutasimama langoni, na hutamgusa mkono hata apite nani. Kisha mwambie ulimsikia Jumanne, na hukukasirika, lakini uongo ule arudi aurekebishe yeye mwenyewe, kwenye kipindi kile kile, kabla ya siku ya kura. Aseme, mama yangu alizaliwa ng'ambo na ni Mkenya, na mimi nilikuwa sijui sheria. Hiyo itamuuma. Wacha imuume. Kijana anayeweza kusema hivyo mbele ya watu atasikilizwa zaidi ya yule anayechekesha studio. Wewe usipige simu redioni kumsemea, na Emorut usimjibu.

Akikataa, usilie wala usimfukuze. Malaria usisingizie. Siku ya kura amka, vaa viatu vyako vizuri, panga foleni asubuhi na wenzako. Akiwa langoni, msalimie kwa jina lake kama unavyomsalimia kila siku. Akikuuliza mbele ya watu wewe ni wa wapi, mwambie wewe ni mama yake na ni mpiga kura wa hapa, kisha upite, kitambulisho umpe karani. Na jioni akirudi, akitaka kujua umempigia nani, mwambie sheria inasema hiyo ni siri yako.

Dada Selpha